Dirisha Lililompiga Shangazi

Shangazi alikuwa anatoka sebuleni kwenda kuteka maji kwenye tangi. Sufuria mkono wa kushoto, fimbo nyeupe mkono wa kulia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za veranda nakunywa chai, nikimtazama kwa ile raha ya mtu anayeona kazi yake ikitumika. Fimbo ilikuwa inafagia sakafu kulia, kushoto, kulia, na sakafu ilikuwa wazi. Hakuna kiti, hakuna ndoo, hata kuku walikuwa wameshafukuzwa.

Kisha nikasikia mlio wa chuma. Sufuria ikaanguka, ikazunguka na kuzunguka kama sarafu hadi ikatulia.

Pembe ya dirisha la chumbani, lililokuwa limefunguliwa kwa nje, ilikuwa imemkata juu ya nyusi.

"Kumbe dirisha lako lina salamu kali hivi," akasema, huku akibana kidonda kwa ncha ya leso.

Dirisha lako, alisema. Hakukosea.

Ni wiki ya saba sasa. Kidonda kilishafunga, kimebaki kialama kidogo ambacho hukipapasa akiwa anawaza jambo. Lakini mimi kila nikikaa mezani kuchora, ile sufuria inaanza kuzunguka upya.

Madirisha yaliyofungwa milele

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba hapa Kisumu. Si msanifu mwenye muhuri. Mimi nachora, muhuri hupigwa na mwingine. Nyumba ya Shangazi, kule uwanda wa Kano upande wa Ahero, niliichora bure, na naungama kwamba niliichora kwa majivuno.

Nilikuwa nimefanya hesabu zangu zote. Huku tuko karibu kabisa na Ikweta, kwa hiyo jua la asubuhi huchoma ukuta wa mashariki na la jioni huchoma wa magharibi. Kuta hizo mbili nikazifanya fupi, bila madirisha makubwa. Madirisha nikayaelekeza kaskazini na kusini, chini ya paa lililotokeza vya kutosha. Mchana upepo hutoka ziwani, nikapanga vipande vya madirisha vifunguke kwa namna ya kuukinga na kuuingiza ndani, kama mtu anayekinga kiganja sikioni ili asikie vizuri. Nyumba haina feni na haihitaji feni. Wageni wakiingia saa nane mchana, lazima mmoja aseme, "Humu kuna baridi!"

Basi kile kipande kilichokuwa kinamletea Shangazi upepo ndicho kilichompasua.

Chukua ramani yoyote ya nyumba uitazame. Mlango huchorwa na kiupinde kinachoonyesha utafungukia wapi. Dirisha kwa kawaida halina upinde. Ni mistari miwili mitatu ndani ya ukuta, basi, limefungwa. Nimechora madirisha mengi mno maishani na hakuna hata moja lililowahi kufunguka kwenye karatasi yangu.

Yakifika kwa fundi wa kuchomelea, hufunguka nje. Hayana budi, maana vyuma vya kuzuia wezi viko kwa ndani. Na fimbo nyeupe, hata ikiwa mikononi mwa mtu hodari, inapekua kuanzia chini hadi kiunoni hivi. Kifua na kichwa vinatembea bila mlinzi.

Hilo halikuwa siri. Shangazi angeniambia kwa dakika moja, kama ningemuuliza.

"Nani amevunjika mguu hapa?"

Sikumuuliza kwa sababu nilidhani najua. Na si mimi peke yangu. Tulipokaa kikao cha familia kuhusu nyumba hiyo, kila aliyesimama alikuwa na la kusema, na wote walisema neno moja: rampu, yaani mteremko wa kupandia badala ya ngazi. Mjomba mmoja aliyefanya kazi Nairobi miaka mingi alieleza kabisa kwamba nyumba ya mlemavu bila rampu si nyumba.

Uwanda wa Kano hufurika mto Nyando ukikasirika. Sakafu ya nyumba tuliinua futi mbili. Sasa rampu inayofaa haitakiwi kupanda zaidi ya hatua moja kwa kila hatua kumi na mbili za kwenda mbele, maana yake kimo cha sentimita 60 kinataka mteremko wa zaidi ya mita 7. Niliuchora. Ulikatiza ua mzima, pembeni wazi pande zote mbili.

Shangazi alisikiliza mjadala hadi mwisho, akauliza, "Nani amevunjika mguu hapa?"

Kimya.

Miguu yake ni mizima. Ngazi anazipanda bila shida, mradi ziwe sawa. Rampu ndefu isiyo na kizingo ndiyo ingemtupa chini, kwa sababu ukingo wake hauna pa kuanzia wala pa kuishia, ni mguu tu unakosa ardhi. Wanaotumia viti vya magurudumu wanahitaji rampu na ni haki yao. Ila sisi tumelichukua neno "mlemavu" tukalifanya kiti chenye magurudumu, kisha kila mtu tunamkalisha humo.

Hata sheria zetu nadhani zimetuzoesha hivyo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali popote, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka 5 wayarekebishe. Majengo ya umma. Nyumbani, ambako mtu huamka usiku kutafuta maji, kumeachiwa shangazi na wapwa.

Tulijenga ngazi nne za sentimita 15 kila moja. Ya mwisho fundi aliipunguza kwa upana wa vidole viwili kwa sababu kokoto ilikuwa imeisha. Jicho halikuona. Shangazi alipanda mara moja, mguu wake ukashtuka hewani, akasema, "Hii ya nne ina deni." Ikavunjwa.

Rangi ya maziwa

Nieleze anavyoona, maana neno "kipofu" linadanganya. Shangazi ana presha ya macho, glaukoma. Ugonjwa huu kwa kawaida hauumi na hauna haraka, unaanza kula kingo za uoni na kuacha katikati, na kilicholiwa hakirudi. Alipokwenda kupimwa alikuwa ameshapoteza sehemu kubwa. Sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na jua likiwa kali hata tundu hilo hujaa weupe.

Familia ilichangisha pesa za rangi ikapaka kila kitu rangi ya maziwa. Kuta, milango, fremu. Binamu yangu akanunua vigae vyeupe vinavyong'aa vya sebuleni. Nia ilikuwa njema: mwanga uongezeke. Matokeo yake, saa sita mchana sebule ile ilikuwa kama ndani ya yai.

"Mlango uko wapi?" aliuliza siku ya kwanza, amesimama mita moja kutoka mlangoni.

Tumepaka fremu zote kahawia iliyoiva. Kopo moja. Kazi ya Jumamosi moja na chai mara mbili. Vigae bado viko, tumevifunika kwa mikeka, na binamu yangu hajanisamehe.

Kadibodi na kamba ya katani

Wiki ya pili baada ya dirisha ndipo nilipokumbuka habari za Chris Downey, msanifu wa kule California aliyepoteza uoni wote mwaka 2008 baada ya upasuaji wa uvimbe kichwani. Alirudi ofisini baada ya mwezi hivi. Anasoma ramani zilizochapwa kwa mistari iliyoinuka, kwa vidole, na ameendelea na kazi ya usanifu hadi leo.

Nilikuwa nimeisoma habari hiyo zamani nikaiweka kwenye kabati la mambo ya ajabu ya Marekani. Sikuwahi kujiuliza swali dogo: mimi ramani ya Shangazi nilimwonyesha nani?

Niliwaonyesha wanawe. Nilikunjua karatasi mezani kwake, wakainama watu watano, yeye akiwa amekaa kwenye kochi nyuma yetu akisikia karatasi ikichakarika. Akakaribishwa kutoa maoni mwishoni. Akasema, "Ni nzuri, mwanangu." Angesema nini?

Nilichukua kadibodi ya sanduku la televisheni. Kuta nikazifanya kwa kamba ya katani na gundi, milango nikaacha mapengo, ngazi nikatia vijiti vya kiberiti. Na kila dirisha, safari hii, nikalichora limefunguliwa: kipande cha waya kimesimama nje ya ukuta.

Alikipapasa kwa mikono yote miwili, polepole, kama anayetafuta mawe kwenye mchele. Sikumsaidia, ingawa mdomo uliniwasha. Alianza langoni, akaingia, akazunguka sebule, akatoka kwa mlango wa nyuma. Kisha akarudi langoni akaanza tena.

"Jikoni kwangu ni kudogo kuliko ninavyokujua," akasema. "Na huu mlango wa nyuma mbona unagongana na ule wa stoo?"

Inagongana kweli. Nimekuwa nikiitazama ramani ile mwaka mzima.

Halafu vidole vikafika kwenye waya wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akavihesabu vyote sita. Akakaa kimya, mkono wake mmoja ukapanda juu ya nyusi.

"Mbona hii hukuniletea kabla?"

Sikuwa na jibu, wala sina hadi sasa. Ningesema sikujua, lakini nilijua habari za Downey. Ningesema muda, lakini kadibodi ilinichukua jioni moja.

Mvua ilimsimamisha

Jambo la dirisha nililipata kwa damu. Hili la mvua nililipata kwa bahati.

Ilikuwa alasiri, yale mawingu mazito ya kutoka Nandi yameshuka. Shangazi alikuwa anakwenda jikoni kutoka chumbani, mwendo wake ule wa haraka anaotumia ndani ya nyumba. Mvua ikapiga mabati kwa ghafla kama lori limemwaga kokoto. Akasimama. Katikati ya sebule yake mwenyewe, mkono umenyooshwa mbele, akasimama kabisa.

Nilidhani ameugua. Nikamfuata, nikapaza sauti.

"Sisikii nyumba!" akanipigia kelele.

Baadaye, mvua ilipopungua, alinifafanulia, kwa uvumilivu wa mwalimu aliyechoka. Yeye haendi kwa fimbo ndani. Anakwenda kwa masikio: friji inanguruma upande ule, saa ya ukutani upande huu, nyayo zake zinabadilika sauti akikaribia ukuta, uwazi wa mlango una sauti yake. Mvua ikija juu ya bati tupu, vyote hivyo hufutika kwa pamoja. Kwetu sisi mvua ni kelele. Kwake mtu amezima taa.

Dari hatukuweka. Ilikuwa imekatwa kwenye bajeti, nami ndiye niliyeshauri ikatwe, nikisema hewa itapita vizuri zaidi.

Sasa tumeweka ya mafunjo. Mikeka ya mafunjo inayosukwa na watu wa kando ya ziwa, miwili miwili, imekazwa kwa fito chini ya kenchi, na juu yake tumeacha nafasi ya hewa inayotokea kwenye tundu za pembeni. Mafunjo yana sponji ndani. Yanameza kelele, na joto la bati linaishia kule juu badala ya kushuka utosini. Bei yake haikufika nusu ya mbao za dari za dukani. Fundi alitikisa kichwa: "Panya watakushukuru, injinia." Huenda. Jikoni sikuweka kabisa kwa hofu ya cheche. Lakini mvua iliyofuata nilimpigia simu, nikamsikia akizungumza bila kupaza sauti, na nyuma yake, kwa mbali, saa ya ukutani.

Mimi si nyuki

Yaliyofaulu, mengi yalifaulu bila akili yangu.

Kuta za ndani hazina plasta. Tulijenga kwa matofali ya kushindiliwa kwa mashine, yale yanayoshikana kama meno, mafundi huyaita intaloki. Udongo ulitoka nje ya uwanda, kwa sababu udongo mweusi wa Kano hauvumilii: ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka, ndiyo maana hata msingi tulichimba tukautoa wote. Tofali hizi hazichomwi, kwa hiyo hakuna mti ulioingia tanuruni, na saruji yake ni kidogo. Saruji duniani inachangia takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na binadamu, na ningependa kuandika kwamba ndiyo sababu tuliacha plasta. Ukweli ni kwamba pesa ziliisha.

Basi ule mfereji mdogo kati ya tofali na tofali, unaokwenda mlalo kutoka chumbani hadi jikoni, ndio barabara yake kuu. Anaufuata kwa migongo ya vidole. Amezihesabu tofali, anajua mlango wa bafu uko baada ya ngapi. Viwiko vyake tu ndivyo vinavyolalamika, vina mikwaruzo, na ameniambia nikipata pesa nilainishe kona.

Viti vya sebuleni vilevile. Tulijenga mabenchi ya tofali yaliyoshikana na ukuta, mfano wa zile baraza za mawe za Pwani, kwa sababu makochi yalikuwa ghali. Faida yake niliijua wakati wa matanga ya jirani, nyumba ilipojaa wageni. Mgeni akija husogeza kiti, ni tabia ya binadamu. Benchi la tofali halisogezwi na mtu.

Na jikoni. Kwenye kile kikao, wanawe walitaka asiwe na jiko kabisa, apelekewe chakula. "Asije akaungua." Hapo ndipo pekee nilipomwona amekasirika. "Nikiacha kupika," alisema, "mtakuwa mnakuja hapa kufanya nini?" Tukajenga jiko la upesi, la udongo, limefunikwa kwa tope hadi kimo cha kiuno. Linakula kuni chache kuliko mafiga matatu na moshi wake ni mdogo. Kwake muhimu ni kwamba moto una mdomo mmoja tu, mahali pamoja, na sufuria inakaa ndani ya shimo, haipinduki.

Lakini nilianza na dirisha, na bado sijasema nililirekebishaje.

Mawazo yangu ya kwanza yalikuwa ya kitabuni. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba nyumba za wasioona hupandwa maua yenye harufu, ili mtu ajue amefika wapi. Nikamwendea na mpango: mchaichai chini ya dirisha la chumbani, yasmini sebuleni, mrehani kwa nyuma.

"Mimi si nyuki," akasema. "Panda sukuma wiki."

Tumepanda sukuma wiki. Chini ya kila dirisha upande wa ua kuna kitalu chenye kizingo cha tofali kilichoinuka sentimita 25, kinachotoka nje kuliko kipande cha dirisha kikiwa wazi. Fimbo inakigonga kizingo kabla kichwa hakijafika hatarini. Mboga zinanyweshwa kutoka kwenye tangi la mvua. Mvua ya milimita 10 tu juu ya paa lile la mita 60 za mraba ni lita zinazokaribia 600, na Kano mvua si haba. Kiwango cha maji anakijua kwa kupitisha kiganja kwenye ubavu wa tangi: plastiki hubadilika kutoka uvuguvugu kuwa baridi pale maji yalipo.

Lile la chumbani linalofungukia veranda, lililompiga, halikuwa na nafasi ya kitalu. Tuliling'oa tukaweka la vioo vya kupachika vinavyolala kama magamba ya samaki. Havitokezi nje na hewa inapita yote. Fundi anasema mwizi atavichomoa kimoja kimoja. Vumbi nalo linakaa juu ya kila kioo. Si dirisha zuri. Nimelitazama sana nikitafuta kulipenda.

Choo

Kimebaki choo.

Kiko nyuma, hatua ishirini na tisa kutoka mlango wa jikoni, na njia yake inapita penye mwembe ambao huangusha kila kitu. Nilipendekeza kamba kutoka mlangoni hadi chooni, aishike akienda. Akasema kamba ni ya mbuzi. Nilipendekeza njia ya tofali zilizopangwa kwa ubavu ili mguu uisikie, nikamweleza habari za Seiichi Miyake, Mjapani aliyebuni vigae vyenye vinundu mwaka 1965, vikatandikwa mara ya kwanza barabarani Okayama mwaka 1967 karibu na shule ya wasioona. Alipenda hadithi. Njia hakuipenda, kwa sababu mvua ikinyesha itakuwa chini ya tope.

Anachotaka ni choo ndani ya nyumba. Wanawe hawataki, wanasema ni mwiko choo kukaribiana na jiko, na mimi nina shaka zangu kuhusu maji ya kutosha wakati wa kiangazi na shimo la maji taka kwenye udongo ule mweusi uliojaa maji. Nilimweleza hayo yote Jumapili. Nilikuwa nimekuja na kadibodi mpya, choo nimekibandika nje, umbali wa kutosha, kwa kipande cha kamba kilichokunjwa mraba.

Alikitafuta kwa vidole hadi akakipata. Gundi ilikuwa haijakauka. Akakibana kwa kidole gumba, akaanza kukiburura juu ya kadibodi, taratibu, kikiacha mkia mweupe wa gundi nyuma yake, akapita mwembe, akapita mlango wa stoo, akakigandamiza kwenye ukuta wa chumba chake cha kulala.

"Hapa," akasema. "Sasa niambie ni kuta ngapi za kuvunja."